Ng'ambo ya Waya

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, hilo nalikiri.
Nikiwa juu ya trekta la bwana Etchegaray
nilimwona Nilda Bentancor amepiga magoti kwenye tope la Agosti,
anapanda miiba.
Miiba! Ekari thelathini zilizokuwa soya juzi tu,
udongo mweusi ambao ukiudondoshea kitufe cha shati utavuna shati,
naye anaurudishia tala na koronilla,
miti ambayo babu yangu aliing'oa kwa ng'ombe wanane
akaichoma kuni misimu minne.

Mkataba wa kukodisha shamba ulipokwisha, alikataa kusaini tena.
Mwanawe akaja kutoka Montevideo na kikokotoo,
akamwonyesha shimo la pesa.
"Nimeliona," akasema mama. "Sasa nisaidie kuchimba mengine mia mbili."

Mwaka wa kwanza sungura walikula miche sitini.
Mwaka wa pili sisimizi wakata-majani walipita usiku,
wezi wenye mikasi,
kulipokucha seibo zake zilikuwa njiti.
Baridi ya Julai ikazimaliza pitanga.

Alikuwa na daftari la marehemu mumewe, Wáshington,
la bei za sufu. Aliligeuza juu chini akaanza nyuma:
upande ule sufu, upande huu ndege.
Tarehe tisa, hakuna.
Tarehe kumi, hakuna.
Tarehe kumi na moja, mwashi mmoja, yule mjenga tanuri la udongo.
Alitua kwenye nguzo. Hakukaa.

Daftari hilo nililiona siku niliyokwenda kuomba radhi.
Upepo ulinigeukia nikipulizia dawa,
na majani yake ya mpakani yakakauka wima, kama askari waliosahauliwa.
Nilitegemea matusi. Akanitilia yerba kwenye kibuyu,
akaniwekea mkononi bua moja lililokufa.
"Hili ni nini?"
"Gugu."
"Jina lake, Dardo."
Sikulijua.
Miaka arobaini na saba juu ya ardhi hii,
nazijua sumu zote kwa majina, kwa lita, kwa rangi ya kifuniko,
na sikulijua jina la kitu nilichokiua.

Hawakuja kwa kishindo. Nisiseme uongo.
Mwaka wa tano, Novemba, seibo moja iliyonusurika ilitoa maua,
mekundu kama ulimi wa mtoto aliyeiba zambarau zisizoiva,
na mbele ya ua, hewani, palisimama kitu.
Hakikushikiliwa na tawi wala uzi.
Picaflor, ndugu mdogo wa chozi,
mabawa yake huyaoni, unaona tu kwamba haanguki.
Nilizima injini. Si kwa heshima;
nilitaka kusikia.

Sasa daftari lina wino hadi pembeni.
Ukurasa mmoja tu ni mweupe, wa kadinali wa manjano,
ambaye Wáshington aliwatega utotoni
akiwauza barabarani, wawili kwa bei ya mmoja.
Jina la ndege ameliandika juu kabisa,
chini yake hakuna kitu.
Kila Jumapili anaufungua, anautazama, anaufunga.
Sijamuuliza anamsubiri ndege au anamsamehe mtu.

Ndege hawajui hati ya shamba.
Hula pitanga kwake, hukaa kwenye waya wetu,
hudondosha walichobakiza upande wowote mkia unapoelekea.

Mwezi uliopita, nikipanda, niliuona mche.
Upande wetu. Hatua nne ndani ya soya.
Mashine ina upana wa mita nane na haina huruma, haina hata macho,
lakini usukani ninao mimi.

Jioni bwana Etchegaray akauliza
kwa nini mstari wa mwisho una kona.
Nikamwambia pana jiwe.

Jiwe lina majani sita sasa.