Kiti cha Kulia

Scarperia ni mji wa visu.
Ornella Bandinelli, mjukuu wa mhunzi,
aliacha makali akashika magurudumu,
ila bado huongea kwa pembe:
"Kisu cha nyama si kisu cha mkate, bwana vidonge.
Niambie kwanza unakata nini."

Nikamwambia: vyote viwili.
Uwanja wa Mugello mara nne kwa mwaka,
na mlima kila wiki, kwenda na kurudi.
Akacheka puani.
Ndizo zile njia mbili zilizomshinda fisi,
naye fisi hakuwa na tairi za kulipia.

Gari likapandishwa kwenye sahani nne za chuma,
vipimo vikaganda kwenye rimu kama kupe.
Nilikuja na karatasi. Mimi mfamasia,
siendi popote bila karatasi.
Mbele: digrii tatu za mlalo, magurudumu yainamie ndani kwa juu,
yatanue nyayo, kama mpagazi anayejiweka tayari kwa gunia.
Vidole vya mbele vitazame nje kidogo,
ili pua iwahi kona kabla ya mawazo yangu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami nilikitaka cha mvunguni:
sekunde moja, labda na nusu,
kwenye ile kona ya kushuka ambako, Oktoba,
bega la nje la tairi lilimenyeka kama chungwa.

Ornella akasoma, asiseme kitu.
Akavuta tairi kuukuu toka ukutani, akanishika mkono,
akaupitisha kwenye bega la ndani:
waya zimechomoza kama ndevu za siku mbili.
"La mtu wa mwaka jana. Naye alitaka tatu.
Uwanjani alikuwa mfalme.
Barabarani, kila mfereji uliochimbwa na malori
ulimpeleka unakotaka wenyewe."

Kisha: "Kaa ndani. Gari hupimwa na mwenyewe."
Nikataja kilo sabini na nne.
Mizani chini ya magurudumu ikanisuta: themanini na moja.
Mimi, ninayewahubiria watu sukari na chumvi kaunta.

"Na kiti cha kulia," akauliza bila kuinua macho,
"nikiwekee mtu, au kitupu?"

Swali dogo. Likanikawiza.
Uwanjani kiti kile hubeba thermosi tu.
Alhamisi hukaa mama, Argia,
miaka themanini na mitatu, mkoba magotini,
tukivuka Giogo (jina hilo maana yake nira)
kwenda Borgo, damu yake ikasafishwe na mashine
saa nne nzima, kisha kurudi,
mshipa wa mkono ukivuma chini ya bandeji.
Usukani ukishtuka, hushika mlango.
Hajawahi kulalamika. Hushika mlango tu.

"Weka kilo arobaini na sita," nikasema.
Akaleta mifuko miwili ya mchanga, akaifunga mkanda.

Hapo ndipo bei ilipoanza, kama sokoni.
Digrii moja ina dakika sitini, sawa na saa,
na fundi huyu huzitoa kama mchoyo.
Mbele akanipa mbili kasoro dakika kumi.
Nikaomba tano zaidi. Akanipa tano.
Nyuma moja na nusu, vidole vikitazama ndani
kama watoto wenye haya,
mkia usije ukawa na maoni yake kwenye mvua.
Vidole vya mbele: sifuri.
"Ni dozi," nikasema. "Dawa na sumu ni ndugu."
"Shika tochi," akasema, "acha hekima."

Mei, uwanjani, nitachelewa. Najua kwa sekunde ngapi,
nimeshaziandika.

Alhamisi theluji ilikuwa bado kwenye kingo.
Juu kabisa ya Giogo nikaondoa mkono mmoja usukanini,
barabara ikabaki mahali pake.
Mama alikuwa amefungua mkoba.
Alikuwa anamenya chungwa
kwa mikono yote miwili.