Korongo Mwezi wa Nane

Alikuja mwezi wa nane, upepo wa Hombolo ukifungua milango bila hodi:
Ezekia Chedego, miaka thelathini na sita, mkulima wa zabibu,
ameshikwa mkono na mkewe kama mtu anayevushwa.
Kwenye MTUHA alikuwa ameshapita mara nne.
Malaria hasi, akapewa mseto hata hivyo.
Homa ya matumbo. Mkojo. Vidonda vya tumbo.
Kila mara kichwa kinawaka, kifua kizito,
kila mara mwandiko wa mtu mwingine.
Mimi, wa tano, nilijiona nimefika.

Nilifunga mlango, nikauliza kama nilivyofundishwa.
Unalala?
"Naamka saa nane, nahesabu mabati mpaka jogoo."
Unakula? Akajibu Damari, mkewe:
"Naondoa sahani, ugali una alama ya kidole kimoja."
Umewahi kutamani usiamke?
Alitazama viatu vyangu muda mrefu.
"Kumbe na hilo huwa mnauliza," akasema.

Nikaandika *sonona*, kwa mwandiko mzuri.
Nikampa vidonge vya asubuhi, tarehe ya kurudi, namba yangu ya simu.
Jioni nilikula nimeshiba sifa zangu mwenyewe.

Kwetu Muleba mto ni mto mwaka mzima.
Sikujua kwamba lile bonde la mchanga nyuma ya kituo,
watoto wanapochezea mpira, bodaboda wanapokatisha,
lina jina, na jina lile ni la mto.
Mgeni akiliona mwezi wa nane huliita barabara.

Wiki ya tatu Damari akapiga, saa kumi usiku.
Ezekia halali, ila safari hii hachoki.
Amechukua pikipiki mbili kwa mkopo,
ameahidi kuezeka kanisa lote,
yuko juu ya tangi la maji anawatangazia majirani
kwamba Hombolo nzima itakunywa divai yake bure.
"Daktari, dawa imefanya kazi kupita kiasi?"
Kicheko kilinifika kooni. Kikageuka.

Ndipo nikauliza, nimechelewa wiki tatu:
Iliwahi kumtokea kabla?
"Mwaka ule wa mvua nyingi," akasema.
"Aliuza ng'ombe wa baba yake kwa siku mbili,
fedha akagawa mnadani kama karanga.
Tukasema ni ujana.
Hukuniuliza."
Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya chumvi.

Mirembe, daktari alisoma karatasi yangu ya rufaa
bila kuinua nyusi.
Vidonge vya asubuhi akavisimamisha.
Neno langu akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka,
juu yake akaandika lingine, refu:
*ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka*.
Akatia saini, tarehe.
"Tunaandika kwa kalamu," akaniambia,
"tunasoma kana kwamba ni penseli."

Januari korongo lilishuka usiku, bila kumwomba mtu ruhusa.
Lilichukua pampu ya mtu, zizi, magoli ya watoto yote mawili.
Asubuhi nilisimama ukingoni na watu wa Hombolo,
mimi peke yangu nikishangaa.

Wiki hiyohiyo Ezekia alikuja kupimwa damu,
na zabibu kwenye ndoo ya plastiki,
vidole vikitetemeka kidogo, ile tetemeko ya dawa.
Pikipiki zimerudishwa. Deni halijarudi popote.
Alikaa. Akaniuliza yeye, kwa mara ya kwanza:
"Yule wa kwenye tangi, na yule wa kuhesabu mabati,
na huyu anayekuletea zabibu.
Mimi ni yupi?"

Nikafungua daftari. Nikapitisha kidole kwenye safu zote,
jina, umri, kijiji, vipimo, ugonjwa, dawa.
Nje mchanga mbichi ulikuwa ukinuka.
Nikamuuliza siku hizi analala saa ngapi,
nikaweka kalamu chini,
nikasubiri.