Usiku wa Kuhamia Kulia

Uswidi, Septemba 1967

Wiki nzima alama mpya zilisimama gizani mchana kweupe,
zimevishwa magunia meusi, zimefungwa kamba shingoni,
upande wa barabara ambao ulikuwa bado haujazaliwa.
Watoto wa Ljusdal walizipita wakienda kuchuma beri,
wakauliza: nani kafa?

Hakuna aliyekufa. Nchi ilikuwa inabadili mkono.

Algot Hedlöf, fundi wa idara ya barabara,
miaka ishirini na sita ya spana na ngazi,
aligawiwa kilomita kumi na tisa za njia ya msituni,
orodha ya kurasa mbili iliyopigwa chapa,
na kijana mmoja, Rune, mwenye mafua.
Kazi: kung'oa za kushoto, kufunua za kulia.
Saa saba usiku magari yakapigwa marufuku,
barabara ikabaki uchi, haina upande.

Rune alishika kurunzi, akapiga chafya,
akasoma orodha kama anayeita mahudhurio:
Kona kali. Njia nyembamba. Punguza mwendo.
Halafu pembetatu ya manjano, ukingo mwekundu,
na ndani yake kulungu mkubwa mweusi, mguu mmoja juu,
anavuka tangu kabla Rune hajazaliwa
na hajafika ng'ambo.
"Huyu naye ahame?"
"Ahame."
"Na wale wa msituni, nani kawaambia?"
Algot alicheka kwa pua tu.

Spana aliishika kwa mkono wa kulia, kama watu.
Lakini kwenye nguzo ya kumi na nne nati ilikuwa imeota kutu,
ikagoma, ikamkwangua ngozi ya vidole,
ndipo Rune akaiona spana inahama yenyewe
kwenda mkono wa pili,
na nati ikalegea kama iliyokuwa inangoja kuombwa vizuri.

"Kumbe wewe mashoto?"

Misonobari ilinyamaza. Kurunzi ikatikisika.
"Nilikuwa."

Kisha akasimulia, yuko juu ya ngazi, anaongea na bati:
mwalimu Åkerlind na rula yake,
mkono wa kushoto uliofungwa kwa soksi nyuma ya kiti,
daftari zima la herufi A zilizolala chali.
Miaka miwili.
Yeye hakuna aliyemwekea gunia akaizoea habari polepole,
hakuna aliyemtangazia redioni saa wala dakika.
Asubuhi moja tu aliambiwa: kuanzia leo, kulia.

Kwa lugha yao hayo ni maneno mawili yasiyojuana.
Kwetu ni neno moja,
na mtoto wa miaka saba
alilitii lote.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi
lori la maziwa, lenye kibali, lilisimama njia panda.
Dereva, mama mmoja mwenye kofia ya sufu,
alilivusha taratibu mpaka ng'ambo, akasimama tena,
mikono yote miwili juu ya usukani
kama anayengoja kupigwa picha.
Redio ikahesabu. Ikafika.
Lori likaondoka upande mpya, madebe yakigongana,
na hakuna kilichotokea.
Ukungu. Harufu ya maziwa na dizeli.
Kushoto, mstari wa mashimo madogo,
kila moja na udongo wake mwekundu kando.

"Tutazoea?" Rune akauliza.
"Mkono huzoea," Algot alisema, anakunja magunia.
Aliyakunja vizuri mno kwa vitu vya kutupwa.

Jumanne, karani wa Gävle aliinua fomu ya Ljusdal
akaipeleka dirishani penye mwanga.
Alama zote tiki. Kilomita zote kumi na tisa.
Ila saini haikufanana na ya miaka ishirini na sita:
imeinamia upande mwingine, ya kitoto,
A yake imelala chali.
Aliitazama muda.
Akagonga muhuri.