Sekunde Nne za Mwanzo

Faili mia mbili na kumi, sauti za Shangazi Zuwena,
alizonitumia kutoka Ibra kabla figo hazijamshinda.
Nikaandika skripti, mistari sita tu:
kila faili, kata sekunde nne za mwanzo,
kile kiyoyozi kinachonguruma,
kile kifinjani kinachogonga sahani.

Al Khuwair, saa saba usiku, joto limeganda dirishani.
Ikakata zote kabla chai haijapoa.

Nikasikiliza. Safi.
Maneno yamenyooka kama kanzu ya dobi.
Lakini nani huyu asiyekohoa,
asiyeanza na “Weye, wanisikia?”

Naushukuru uvivu wangu:
zile za asili sikuzifuta.
Mstari wa tatu nimebadili tarakimu moja.
Nne imekuwa sifuri.