Mlinzi wa Taya

Zamani nililala katikati ya ng'ombe,
bunduki kifuani, sikio likiwa macho.
Bunduki niliisalimisha kambini Iriri,
nikapewa karatasi yenye muhuri
na sahani ya posho.
Sasa nalinda taya.

Taya la chini, upande wa kushoto,
meno manne na pengo,
limelazwa ndani ya boksi la biskuti lenye pamba
hemani, chini ya mlima Napak.
Shilingi elfu kumi na tano kwa usiku.
Mke wangu Nachuge aliuliza: nani atakuja kuiba jino?
Nikamwambia, waliiba mbuzi mwenye upele,
watashindwaje na jino?

Daktari Birungi anasema lina miaka laki moja na nusu.
Alisema hivyo akipiga mswaki,
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.
Akaongeza: zama zile, huko kaskazini kwenye barafu,
walikuwepo watu wengine,
paji nene, kifua kama pipa.
Waliwasha moto. Walizika wafu wao.
Kisha wakaisha.
Hawakuisha wote, akasema, akatema povu:
wamo katika damu ya Wazungu,
na hata kwetu, chembe, iliyorudi na wasafiri.
Usiku ule niliitazama mikono yangu kwa tochi
kama mtu aliyeambiwa ana wageni ndani
naye hajanunua sukari.

Nawe je, wewe ni wa nani?
Kwetu ng'ombe akipotea hata akafika Teso
tutamjua kwa sikio:
mkato huu wetu, tundu lile la jirani.
Nimekuzungusha chini ya mwanga. Huna alama.

Mwaka jana walikuja waandikishaji wa vitambulisho:
jina la baba, la babu, kijiji, kabila.
Babu wa babu nilimkumbuka.
Aliyemzaa huyo nilimtaja kwa rangi ya fahali wake.
Nyuma ya fahali, vumbi.
Karani akachora kistari, akageuza ukurasa.
Labda wewe ndiwe kistari kile.
Labda siye. Daktari anasema huenda ulikufa bila mtoto,
kwani mfupa hausemi kama ulizaa.

Jumapili alikuja mzee wa kanisa kutoka Matany,
akachungulia, akauliza kwa sauti ya chini
kama kuna ubavu uliopungua.
Nikamjibu: hakuna mbavu, mzee, kuna taya tu.
Akaondoka hajaridhika,
kiatu kimoja kimejaa udongo wako.

Mimi sikukuamini mpaka juzi,
nilipoona jino la tatu lina tundu.
Limeliwa hadi ndani.
Lilikuuma, basi.
Ulishika shavu usiku, ukazunguka moto,
ukawakaripia watoto kama ulikuwa nao.
Ulitafuna gome gani? Nani alikuchemshia?

Ndugu yangu Lokut alivuka mto Okok
mwaka wa msako wa bunduki, usiku wa mvua.
Hatukupata hata kifungo cha shati.
Mama aliacha kuuliza, ila kila masika,
mto ukishuka, huenda kutembea kwenye mchanga
akijifanya anatafuta kuni.
Wewe wa laki moja na nusu wamekupata
kwa kijiti na brashi ya kupakia rangi,
wakipuliza, wakipuliza,
mgongo juani siku arobaini.
Lokut ni wa juzi tu.
Sikuonei wivu.
Ninakuonea.

Asubuhi gari litakupeleka Kampala.
Huko, nasikia, kuna mashine
ya kuchungulia ndani ya jino
ijue ulikula nini, ulinyonya hadi lini.
Nilimwomba Daktari achungulie na langu hili la nyuma.
Alicheka.
Mimi sikucheka.
Nimezima tochi, betri ni za mradi,
nimekaa kando ya boksi lako
na shavu langu kiganjani.