Mlango wa Chuma

Sampuli namba kumi na saba ni ya shangazi yangu.
Jina limefichwa, lakini Bahla nzima
nani mwingine angeacha alama ya kidole
cha buluu kwenye kizibo cha chupa?

Hapa Nizwa mashine huichoma damu.
Moto wake unalishinda tanuri la shangazi,
na ndani ya moto huo kila madini hujitaja:
chuma, shaba, zinki,
kisha kobalti, kwa sauti
isiyolingana na umbo lake.

Si mgeni kabisa, nakiri.
Chembe yake moja hukaa katikati ya vitamini
kama kito kwenye pete;
ikikosekana, damu hudhoofu
na miguu husahau sakafu iko wapi.
Hiyo moja mwili huiomba.
Hizi nyingine zimejikaribisha.

Zimepita mlango wa chuma,
kwa jina la chuma,
na bawabu hakuuliza.
Angeuliza nini? Shangazi ana chuma haba,
miaka anaishi kwa chai na mkate wa rakhali,
na nyumba yenye njaa huacha mlango wazi.

Zikishaingia, huongopa.
Huuambia mwili: hewa imeadimika.
Naye Shinuna binti Hamdun, aliyeketi mkekani,
mwili wake unaupanda Jebel Akhdar.
Figo hupiga mbiu. Uboho hukesha
ukioka chembe nyekundu, sinia juu ya sinia,
kwa karamu isiyo na mwaliko.
Ini hutoa chuma ilichoweka akiba.
Zinki huhamishwa bila barua,
shaba hujaa pasipo pake,
tezi ya shingo hunyoosha mkono
na madini joto hayafiki.
Mmoja tu kakopa kwa jina la mwenziwe
na daftari zima la duka halisomeki.

Alhamisi niliendesha hadi Bahla.
Nilimkuta anachora bakuli.
Rangi, kabla ya kuchomwa, ni ya kijivu,
kijivu cha majivu, hata huiamini;
unga wake hununua Matrah, kwenye kopo la maziwa.
Alichovya, akachora mstari mmoja mrefu,
kisha akailamba ncha ya brashi
ili ichongoke.

Miaka thelathini na moja.
Mimi niliyemtafuta mwizi
kwenye vumbi, kwenye moshi, kwenye maji ya kisima!

Nikamweleza. Nilianza na figo,
nikapotea kwenye zinki, nikarudi kwenye ulimi.
Akasikiliza huku akiligeuza bakuli.
Kiswahili chake bado ni cha Wete:
"Ndo kusema mie n'shatiwa rangi kwa ndani.
Basi bado kuchomwa tu."
Akacheka peke yake.

Nikamwambia atapona, akiacha.
Sikuwa na hakika na neno la kwanza,
wala na la pili.

Akainua brashi. Mkono, kwa mazoea,
ukaenda mdomoni, ukasita
umbali wa punje ya mchele.
Akavuta kikombe cha maji, akachovya,
akaichongoa ncha kwa vidole.
Maji yakaingia wingu.

Akalitazama kwa muda.
"Na haya," akauliza, "nikayamwage wapi?"

Nyuma ya ukuta falaji ilikuwa inapita
kwenda kwenye mitende ya jirani.