Kipande cha Anga

Mvua ilianza kabla chai ya wageni haijapoa,
na kufikia saa nne ukumbi wa familia ulishajaa:
taulo zenye mchanga, ndala mlangoni,
za kushoto zikitafuta za kulia.

Mimi ndiye Sereima, mwenye ufunguo wa kabati
na filimbi ya bingo. Nimeandika ubaoni kwa chaki:
saa nne, kusuka vikuku kwa majani ya mkadi;
saa sita, bingo; saa tisa, kupaka vifuu rangi.
Jua likirudi, tafadhali sahauni yote haya.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Ila humu ndani nampa sindano na shanga,
naye hushukuru kana kwamba nimempa shamba.

Hamish wa Dunedin, mabega ya kubeba boti,
ameshindwa na ukili wa nyuzi nne.
Mwanawe anamfundisha: juu, chini, vuta, si hivyo!
Mkewe anacheka mpaka anakaa sakafuni.
Nadhani ni mara ya kwanza wiki hii
simu ya huyu bwana imelala kifudifudi, kimya,
karibu na kopo la gundi.

Bibi Ok-sun wa Busan hajui Kiingereza wala Kifiji,
lakini namba anazijua. Ameshinda bingo mara tatu,
na kila mara zawadi, sabuni ya nazi,
humpa mtoto anayelia kuliko wote.
Watoto wameshaelewa. Wanalia kwa zamu.

Pembeni, dirishani, kuna fumbo la vipande elfu moja:
mlima wa theluji, kibanda, misonobari.
Aliyeileta theluji Pwani ya Matumbawe simjui.
Familia moja huanza, ndege ikaiita, nyingine huendeleza;
mlima umesimama kwa mikono
ya watu wasiowahi kusalimiana.

Leo Briony, miaka tisa, meno mawili hayapo,
amefika mwisho. Amepekua chini ya zulia,
ndani ya visanduku vya rangi, ndani ya kiatu cha babake.
Anga ina tundu moja, upana wa dole gumba.
"Sereima, umekiona?"
Nikasema labda walikisahau kiwandani.

Kiwandani.

Kila jioni nikifunga huchukua kipande kimoja
nimpelekee Vilimone wangu, ng'ambo ya barabara kuu,
maana watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi humu.
Asubuhi hukirudisha. Ndivyo alivyouona mlima:
leo jiwe, kesho bomba la moshi, keshokutwa nusu ya mti,
naye usiku hunieleza kila kimoja kinakaa wapi.
Jana nilimpa cha buluu tupu, hakina kitu.
Alikiinua kwenye taa.
Akasema, Mama, hiki ni cha juu kabisa,
hiki naomba kilale siku mbili.

Briony hakulia, ingawa sabuni zilikuwa bado zipo.
Alikata kadi, akatafuta buluu, buluu imekwisha
(nimeiomba tangu mwezi wa pili), akapaka kijani.
Akakibonyeza. Kikaingia kwa shida, kikavimba kidogo.
Hamish, kikuku kimemlegea mkononi,
akapiga makofi peke yake, kisha Bibi Ok-sun,
kisha ukumbi mzima,
nami nikapiga kuliko wote.

Jumamosi niliuvunja mlima, nikaurudisha sandukuni,
na kile cha kijani ndani yake, kwa hesabu elfu kamili.
Kile kingine kiko nyumbani, kimebandikwa kwenye kioo cha dirisha.
Mvua ikikatika, na anga nyuma yake ikawa rangi ileile,
Vilimone huniita: haya, kitafute.

Nami huchukua muda.